Sweta Miguuni pa Mama Shubiri

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Kaa chini kwanza. Kama uko kwenye cherehani, toa mguu kwenye pedali usije ukajishona kidole, maana habari niliyo nayo si ndogo. Mdogo wako ana bahati, Dada! Bahati imenitafuta mji mzima, ikauliza kwa majirani, ikapanda ngazi huku inahema, ikanibishia hodi. Imetokea kesi ambayo magazeti yanaigombania kama mpira wa kona, na mkuu wetu amewapita wapelelezi wote wenye vyeti ukutani na kalamu mbili mfukoni, akaninyooshea kidole mimi, niliyeacha shule kabla shule haijaniacha. "Wewe," akasema. "Hakuna mwingine." Wenzangu wakabaki wamepigwa na butwaa, mmoja mpaka chai ikampoa mkononi.

Lakini furaha isinitoe adabu. Hamjambo nyote? Shemeji goti linasemaje? Mpwa wangu na tumbo lake wanaendeleaje? Mwambie mtoto akiwa wa kiume achukue akili zangu, akiwa wa kike achukue akili zangu vilevile, ila pua aniachie mwenyewe. Mimi mzima, nimenenepa. Mwenye nyumba amebadilisha mabomba, sasa naoga kama mfalme, isipokuwa asubuhi.

Basi sikia. Ameuawa Mama Shubiri. Ndiyo, yule yule wa filamu, mama mkwe mwenye macho kama wembe, aliyemfukuza mkwewe mjamzito kwenye mvua. Najua umesema "afadhali". Kila mtu amesema afadhali. Muuza magazeti wa hapa chini alisema afadhali kabla sijamaliza kulitaja jina.

Walikuwa wanapiga filamu kwenye nyumba ya kukodi, chumba cha juu, na siku hiyo ilikuwa zamu ya mama mkwe kufa. Amelala kitandani, amepakwa unga usoni, anakata roho. Mwongozaji hakuridhika, akamwambia mbele ya watu, "Unakufa kama mtu anayetafuta viatu." Hapo Mama Shubiri akanuna. Na huyu mama, Dada, alikuwa na namna yake ya kununa inayojulikana na kila aliyewahi kufanya naye kazi: haondoki. Analala palepale alipo, macho kayafumba, mikono kifuani, mpaka aliyemuudhi aje mwenyewe kumwomba radhi. Ukimgusa anakupiga teke. Akisikia hatua za mtu hafumbui macho, anangoja tu hilo neno "samahani".

Siku hiyo mwongozaji akaapa hasemi samahani. Wakamwacha, wakashuka kula, wakacheka mpaka meza ikatikisika. Waliporudi, mwongozaji akamwita, kimya. Akapiga makofi, kimya. Wakamzunguka, wanamtania, "Leo umekufa vizuri sasa!" mpaka mpiga picha akamshika mkono, akauachia.

Daktari anasema alizibwa pumzi kwa mto. Fikiria. Mtu aliingia, na yule mama akasikia hatua zake, akatulia zaidi, akidhani radhi yake imekuja.

Tumemweka mahabusu mwanamke wa mavazi, wanamwita Bi Pini kwa sababu pini zake huzibana kwa midomo. Ndiye aliyeonekana akipanda na sahani ya chakula wakati wengine wanakula. Na asubuhi hiyo shavu lake lilikuwa limevimba kwa kofi. Wote wanasema mpigaji ni Mama Shubiri. Kwa hiyo kesi ni kama imeisha, imebaki mimi kupigwa picha.

Nisalimie wote mpaka kuku.

Ndugu yako,
Jicho la Mji


19 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na alama ya kikombe mgongoni, nikajua ni yako kabla sijaifungua. Hatujambo. Paa linavuja juu ya cherehani yangu. Shemeji yako amekataa fundi, anasema atapanda mwenyewe. Nikamwambia goti. Akasema goti halina haja ya kujua. Mpwa wako analala mchana, anakula usiku, katikati anagombana na mumewe.

Kuhusu bahati yako, nimefurahi. Ila mimi nakujua tangu unavaa kaptula nilizozikata kwenye mapazia. Huyo mkuu aliyewapita wote akakunyooshea kidole wewe, alikuwa anaangalia upande gani? Nieleze vizuri. Alisema nini hasa?

Mama Shubiri na mimi nilisema afadhali. Halafu nikaona haya, nikasema masikini. Halafu nikakumbuka alivyomwaga uji wa yule mkwe, nikarudi kwenye afadhali. Sasa sijui niko wapi.

Lakini huyo mwenzangu wa sindano ananikosesha raha. Watu wote wako chini wanacheka, mmoja tu anakumbuka kwamba aliyenuna naye ana tumbo, anampelekea sahani, na huyo mmoja ndiye mliyemfunga? Tangu lini anayetaka kuua mtu anampelekea chakula kwanza? Na hilo kofi, nani aliliona likipigwa? Au wote wamesema tu kwa kuwa wanamchukia?

Wewe si Jicho? Basi tazama.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Shikamoo, na shikamoo ya shemeji, na mwambie paa ni kazi ya paka. Mimi nadunda. Nimenunua kofia, watu wananipisha njiani, au ni kofia ndiyo wanayoipisha, lakini niko chini yake.

Maneno yako yaliniwasha, nikarudi kwenye ile nyumba nikawahoji wote upya, mmoja mmoja, chumba kile kile, mimi nimekaa kwenye ukingo wa kitanda. Sijawahi kusikia matusi mazuri namna ile. Mwongozaji: "Afande, nimeishi na meno yanayouma, nimeishi na yule mama, jino bora." Mpiga picha: "Alikuwa anasalimia kamera, mimi ninayeishika hanioni." Mpishi: "Alirudisha chai yangu kwa sababu ilikuwa na sura mbaya. Chai!" Kijana wa taa alisema, "Mimi sina la kusema," halafu akasema mpaka jua likahama dirisha.

Mmoja tu hakumtukana. Ni Mpole, unamjua, yule anayecheza mtoto wake, anayelia kila filamu mpaka wanawake wanatupa leso kwenye skrini. Akanishika mkono: "Alikuwa mama yangu, Afande. Wengine hawakumwelewa." Wakati wa chakula alikuwa garini uani, anasoma maneno yake, akapanda pamoja na wote. Kijana mstaarabu, kanipa picha yake yenye sahihi, nitamletea mpwa wangu.

Kofi hakuna aliyeliona, hilo umepata. Walimwona Bi Pini anatoka chumba cha mavazi kashika shavu, na humo ndani alikuwamo Mama Shubiri. Wakamaliza hesabu. Nilimuuliza mwenyewe, "Nani alikupiga?" Akaangalia ukuta. "Ni yeye?" Akaangalia ukuta mwingine.

Ila haya amesema. Anasema alipopanda na sahani, Mama Shubiri alifumbua jicho moja akamwambia, "Weka, toka." Feni ilikuwa inapuliza, akamwona vidole vya miguu vimekunjamana kwa baridi. Akavua sweta lake mwenyewe, akamfunika miguu, akatoka. Chakula kilipokwisha alitangulia kupanda, akalivuta lile sweta polepole asije akala teke, kwa sababu picha ya mchana lazima ifanane na ya asubuhi na asubuhi hakukuwa na sweta. Hakuthubutu kumtazama usoni. Mara wenzake wakaingia.

Mkuu wangu amecheka. "Sweta gani? Kaliona nani?" Na kweli, nimewauliza wote, hakuna aliyeona sweta miguuni. Kwa hiyo lile sweta ndilo linalommaliza. Mkuu anasema ni hadithi ya mwongo, na mwezi wa nne ukiisha jalada linakwenda mahakamani. Na kesi ya kuua si kesi ya kuku, Dada. Huyu mama akiingia kule hatoki.

Tulimzika Mama Shubiri juzi, daktari alipoutoa mwili. Watu hawakujaza hata kivuli cha mti. Waandishi wa habari ndio waliokuwa wengi, na Mpole akahutubia kwenye vipaza sauti vyao. Mimi sikumsikia vizuri, nilikuwa nyuma ya magari, kikazi.

Swali lako kuhusu mkuu alisema nini, nimelisahau lilivyokuwa, utaniuliza siku nyingine.

Jicho la Mji na Vitongoji Vyake


15 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo, shemeji yako amepumzika kidogo mambo ya paa. Usiulize. Mpwa wako hawezi kufunga viatu, mumewe ndiye anamfunga, angalau wamepata la kufanya pamoja bila kugombana.

Swali langu hukulisahau. Ulikuwa unalisoma ulipoandika umelisahau.

Ila leo sikuandikii kwa ajili hiyo. Siku ile ya mazishi redio ilikuwa imewashwa, mimi napima nguo ya mteja, tukasikia hotuba ya Mpole. Mteja alilia, mimi nililia, pini zikanitoka mdomoni. Alisema hivi, nimeyashika kwa sababu yalinigusa: "Mara ya mwisho kumwona alikuwa amelala kama mtoto mchanga, mikono kifuani, miguu imefunikwa sweta, nikasema moyoni, mama, pumzika." Tukasema masikini kijana wa watu.

Leo imefika barua yako. Nimesoma habari za sweta nikiwa nimesimama, nikakaa. Nikasoma tena.

Wewe si umeniandikia kwamba hakuna aliyeona sweta? Kwamba Bi Pini alilitoa kabla wengine hawajaingia? Na kwamba Mpole alikuwa garini? Sasa huyu wa garini sweta kaliona kwa macho gani?

Labda mimi ndiye sielewi. Lakini usingoje barua nyingine, nenda kamuulize. Nampa shemeji yako hii aipeleke posta leo leo, anashuka mjini.

Dada yako


11 Aprili

Dada,

Mbona kimya? Au shemeji kauza sanduku la posta? Umeninunia? Kama umeninunia niambie nije niseme samahani, mimi si mwongozaji wa filamu, nasema mara moja.

Mimi mzima, kofia imepeperushwa na upepo. Jalada bado liko mezani kwangu, na mwisho wa mwezi mkuu analichukua. Nimezunguka ile nyumba mpaka mlinzi ananiita shemeji. Sina kitu. Nilikwenda kumwona Bi Pini, nikamwambia mambo yanakwenda vizuri. Akanitazama, halafu akatazama pindo la suruali yangu lililofumuka, akasema, "Afande, ungeniletea sindano ningekushikia hilo, lakini najua hawataruhusu." Mtu yuko mahabusu, anaonea huruma pindo langu.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za kituo kwa muda. Jua tu lilikuwa kali.

Niandikie hata upuuzi.

Mdogo wako, Jicho


20 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuandikia haraka, jirani anasafiri kuja huko na amekubali kuifikisha hii mkononi mwako. Ndani yake utakuta barua ya tarehe kumi na tano Machi. Isome hiyo kwanza, halafu rudi hapa.

Umesoma? Haya, sasa nitukane.

Shemeji yako alianguka kutoka kwenye paa siku ile ile niliyompa barua. Alisema apige msumari mmoja wa mwisho ndipo aende posta. Amevunjika mkono. Sikukuandikia kwa sababu ungetuma watu, ungekuja mwenyewe na kelele zako, ukaiacha kazi. Koti lake lilikaa msumarini muda wote huo na barua mfukoni, yeye akidhani mimi nimeipeleka, mimi nikidhani ameipeleka yeye. Nilipopata barua yako ya kuniuliza mbona kimya, nilikwenda moja kwa moja kwenye lile koti. Yule mama amekaa ndani mwezi mzima kwa sababu ya msumari wa mume wangu. Kimbia.

Mpwa wako amejifungua salama, wa kike. Pua ni yako. Tumeamua kuvumilia.

Na jambo moja la mwisho, kwa kuwa sasa hatufichani. Nimezirudia barua zako zote. Kila mtu uliyemwandika amemtukana Mama Shubiri, hata mimi, hata muuza magazeti. Bi Pini yeye alimpelekea sahani. Mpole hakumtukana, tumeona kwa nini. Lakini yuko mwingine ambaye hajamtukana hata kwa neno moja, naye ni wewe. Wewe, unayemtukana mpaka mwenye nyumba wako! Nikakumbuka sanduku lako la bati uliloliacha kwangu. Nimelifungua. Lina tiketi za sinema tu, na zote ni za filamu zake.

Nieleze, au usinieleze. Lakini yule mama mtoe kwanza.

Dada yako


9 Mei

Dada yangu, dada wa watu wote,

Shikamoo mara nyingi. Mpe pole shemeji, mwambie mkono wake umeingia kwenye historia ya upelelezi, japo kwa mlango wa nyuma. Mtoto mbusuni hiyo pua. Mwambieni itampeleka mbali, mimi yangu imenifikisha ghorofa ya tatu.

Jirani yako alinikuta nanyoa ndevu. Nilisoma nikiwa na povu upande mmoja, nikatoka nalo. Redio walikuwa bado wana kanda ya hotuba. Nikaichukua, nikampelekea mkuu wangu, nikamwita na Mpole. Sikumtisha. Nilimsifu. Nikamwambia, "Ile hotuba yako, hasa pale pa sweta, iliwaliza watu. Hebu tusaidie, lilikuwa sweta la namna gani?" Na mwigizaji, Dada, hawezi kuiacha picha nzuri ipite. Akafumba macho, akaweka mkono kifuani: "La kijivu, la kawaida tu, kifungo kimoja hakipo. Kama maisha yake."

Mkuu akanyanyuka taratibu, akafungua kabati la vielelezo, akalitoa sweta la Bi Pini, lile alilokuwa nalo tulipomkamata, akaliweka mezani. La kijivu. Kifungo kimoja hakipo.

Nikamuuliza, "Wenzako wote hawakuliona. Wewe ulipanda lini?"

Yule anayelia filamu nzima, Dada, siku hiyo hakutoa hata tone. Halafu akasema, "Alidhani mimi ni mwongozaji. Alitabasamu."

Kofi alilipiga yeye. Bi Pini alimwambia Mpole suruali imembana kiunoni, Mpole akamzaba, na Mama Shubiri alikuwa pale anavaa. Mama huyo akamwambia Mpole, "Jioni waandishi wa habari wakija, nitawaambia huyu mpole wao ni nani." Kila mtu alimpenda Mpole na kila mtu alimchukia yule mama, lakini mama huyo alikuwa na hakika wangemsikia. Na yeye Mpole alikuwa na hakika hiyo hiyo. Bi Pini alinyamaza kwa sababu alijua hakuna atakayemwamini, na kweli, hakuna aliyemwamini hata pasipo kusema hilo.

Ametoka. Nilimfungulia mlango mwenyewe. Kitu cha kwanza alichoomba ni sweta lake, nikamwambia ni kielelezo, linakaa mpaka kesi iishe. Akasema, "Basi mlitie kifungo, nitakileta, lisiende mahakamani hivyo." Nimempa na suruali yangu. Pindo sasa limenyooka kama rula, na amekataa katakata kunitajia bei, ila amenitaka nimwambie kama Mama Shubiri alizikwa vizuri. Nikamwambia watu walikuwa wengi. Hapo sikudanganya kwa ubaya.

Nitakuja mwisho wa mwezi, nimepewa likizo. Sitapanda juu ya paa. Nitakuja na fundi.

Sasa lile sanduku. Ndiyo. Nilikuwa nakaa kiti cha mbele, watu wanamzomea, wanatupa maganda ya karanga kwenye skrini, mimi moyoni nasema, jamani, hamuoni anavyofanya kazi? Mtu anayechukiwa na ukumbi mzima na kesho anarudi kuchukiwa tena bila kupunguza hata chembe. Sijawahi kumsalimia. Siku moja alipita mbele yangu sokoni nikajifanya napima vitunguu. Na siku ya mazishi hotuba ya Mpole sikuisikia kwa sababu nilikuwa nyuma ya magari nalia, ningesimama mbele kama wanaume wengine ningelisikia sweta lile lile siku ile ile, na Bi Pini angelala kwake.

Kwa hiyo na ile ya Februari, uliyoniuliza mara mbili. Ni uongo, Dada. Bahati haikunibishia hodi. Mkuu alisimama mbele yetu akauliza nani anaitaka kesi ya Mama Shubiri, wenzangu wote wakaangalia dari, na mimi nikainua mkono kabla hajamaliza kuuliza. Akanitazama, akasema, "Hakuna mwingine?" Hakukuwa na mwingine. Sikuchaguliwa. Niliomba.

Mdogo wako